Embakasi: Njia ya ndege iliyochimbwa na wafungwa wa Mau Mau

Na Mwandishi Wetu

ABIRIA anayeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, akibahatika kupata kiti cha dirishani upande wa kushoto na mawingu yakawa machache, huuona Mlima Kilimanjaro ukipita karibu na bawa la ndege. Muda mfupi baadaye ndege huanza kushuka juu ya tambarare za Athi, magurudumu hugusa lami, na kabla haijasimama abiria wameshawasha simu. Mmoja anawahi mkutano, mwingine anabadilisha ndege kwenda Dubai, mwingine amefuata bidhaa za duka lake Kariakoo.

Ni nadra kumsikia mtu akiuliza lami ile imelala juu ya nini, na ni nani aliyeilaza.

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ndio mlango mkubwa wa angani wa Afrika Mashariki. Ulipofunguliwa mwaka 1958 uliitwa Embakasi, na ulijengwa katika miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na wapiganaji wa Mau Mau. Sehemu kubwa ya kazi ya mikono ilifanywa na wafungwa, maelfu ya wanaume wengi wao wakiwa Wakikuyu, waliohukumiwa kwa makosa yaliyohusishwa na vita hivyo.

Habari hii inaihusu Kenya kwanza, lakini inawahusu majirani pia. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, kuanzia Entebbe hadi Katanga, serikali za kikoloni zilikuwa mbioni kujenga njia ndefu za ndege. Nyingi zilijengwa kwa hofu ya vita, na ziliendelea kutumika kwa vita hata baada ya bendera za wakoloni kushushwa.

Eastleigh yaanza kuelemewa

Kabla ya Embakasi, Nairobi ilitegemea uwanja wa Eastleigh, mashariki ya mji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili uwanja huo ulitumiwa na ndege za kivita, zikiwemo za Afrika Kusini, katika kampeni ya mwaka 1940 na 1941 ya kuwang'oa Waitalia Ethiopia na Somalia. Vita vilipokwisha ukabaki chini ya Jeshi la Anga la Uingereza, huku ndege za abiria zikiutumia pia.

Hapo ndipo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanzia mwaka 1946, likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Wazee waliosafiri enzi hizo wanakumbuka ndege za Dakota, zenye injini mbili za panka, zilizoweza kutua hata kwenye kiwanja cha nyasi.

Lakini ulimwengu wa anga ulikuwa unabadilika haraka. Mei 2, 1952, shirika la Uingereza la BOAC lilianzisha safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London kwenda Johannesburg. Vituo vyake vilikuwa Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Nairobi, mji ambao walowezi waliuona kuwa kitovu cha Afrika Mashariki ya Kiingereza, haukuwamo.

Entebbe ilikuwa imejiandaa. Uwanja wake mpya ulifunguliwa Novemba 1951, ukiwa na njia ndefu na imara iliyoweza kubeba ndege za aina hiyo.

Tofauti hiyo ilikuwa imejionyesha miezi mitatu kabla. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikuwa mapumzikoni Sagana, karibu na Mlima Kenya, alipopata habari kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, amefariki dunia. Malkia huyo mpya aliondoka kwa Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kutoka kiwanja kidogo cha Nanyuki, akapelekwa Entebbe, na ni huko ndiko alikopanda ndege kubwa ya kumrudisha London.

Uingereza inatafuta kambi mpya

Nyuma ya suala la abiria lilikuwapo suala la majeshi. Kwa miaka mingi ngome kuu ya Uingereza katika sehemu hii ya dunia ilikuwa Misri, kando ya Mfereji wa Suez. Baada ya vita Wamisri walitaka kambi hizo ziondoke, na London ikaanza kutazama kusini.

Mwaka 1947 kazi ya kujenga ghala kubwa la kijeshi ilianza Mackinnon Road, kwenye reli kati ya Mombasa na Voi, katika nchi kame yenye vichaka vya miiba. Mpango ulikuwa kuhamishia huko sehemu ya shehena za Misri. Fedha nyingi zilitumika, kisha mradi ukaachwa. Miaka michache baadaye majengo yale yalipata kazi nyingine: yaligeuzwa kambi ya kuwazuia watu walioshukiwa kuwa Mau Mau.

Mwaka 1954 Uingereza ilitia saini makubaliano ya kuondoka Suez, na askari wake wa mwisho walitoka Juni 1956. Jaribio la kurudi kwa nguvu mwishoni mwa mwaka huo, pamoja na Ufaransa na Israel, liliishia katika aibu. Tangu hapo Kenya ikawa moja ya mahali pachache ambako Uingereza iliweza kuweka brigedi tayari kurushwa kwenda Ghuba ya Uajemi au kwingineko. Ujenzi wa kambi kubwa ya Kahawa, nje kidogo ya Nairobi, ni wa kipindi hicho hicho.

Brigedi ya kurushwa inahitaji mahali pa kurukia. Kwa hiyo, ingawa Embakasi ulijengwa kwa jina la uwanja wa kiraia, hesabu za kijeshi hazikuwa mbali nao.

Udongo wa mbuga na hewa nyepesi

Kujenga njia ya ndege Nairobi kulikuwa na ugumu wa aina mbili.

Wa kwanza ni urefu wa mahali. Embakasi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, wakati uwanja wa Dar es Salaam uko meta makumi machache tu juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Bawa linapata nguvu ndogo ya kuinua ndege, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Matokeo yake ni kwamba ndege ile ile yenye mzigo ule ule lazima ikimbie ardhini kwa kasi kubwa zaidi, na kwa umbali mrefu zaidi, kabla ya kuachia ardhi. Jua la mchana likipasha hewa, hali huzidi. Ndiyo maana njia ya Embakasi, baada ya kurefushwa miaka ya baadaye, leo ina zaidi ya meta 4,100.

Ugumu wa pili uko chini ya miguu. Tambarare za Embakasi zimefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakulima wengi wa Tanzania wanauita udongo wa mbuga. Aliyelima katika udongo huo anaujua vizuri. Masika hunywa maji, huvimba na kunata kwenye jembe na matairi. Kiangazi hukauka, hunywea na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuingia.

Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi mzuri hupasuka kuta. Njia ya ndege iliyowekwa juu yake hupanda na kushuka, lami huchanika, na ndege ya tani nyingi inayotua kwa kasi haiwezi kuvumilia mawimbi ya namna hiyo.

Dawa yake inajulikana na kila mhandisi wa barabara: udongo ule uondolewe wote hadi kwenye tabaka gumu, kisha shimo lijazwe mawe, kokoto na changarawe, kila tabaka likishindiliwa kabla ya kuweka jingine. Bahati nzuri, chini ya tambarare za Nairobi kuna mwamba mgumu uliotokana na volkano, jiwe lile lile ambalo mafundi wa jiji hulichonga kwa kujengea.

Ni rahisi kulieleza katika sentensi mbili. Kulifanya kwa sururu, beleshi na karai, kwenye eneo la urefu wa kilometa kadhaa na kwenye maegesho ya ndege na barabara zake, ni jambo jingine. Lazima mtu achimbe, abebe, amwage, arudi. Mwingine lazima avunje jiwe liwe kokoto. Kazi hiyo haina mwisho unaoonekana, na mvua ikinyesha kilichochimbwa jana hugeuka tope.

Mashine zilikuwapo, lakini mashine zilikuwa ghali. Wafungwa walikuwa wengi.

Hali ya Hatari yajaza magereza

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari Oktoba 20, 1952. Chanzo chake kilikuwa kirefu: ardhi iliyochukuliwa na walowezi katika nyanda za juu, watu waliobaki maskwota katika mashamba yaliyokuwa ya babu zao, vijana wasio na kazi Nairobi, na madai ya kisiasa yaliyopuuzwa kwa miaka. Jomo Kenyatta na wenzake watano walifikishwa mahakamani Kapenguria, na Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo.

Vita vilipigwa msituni, katika Aberdare na Mlima Kenya, na vilipigwa pia kutoka angani. Mwaka 1953 ndege ndogo za Harvard zililetwa kutoka Rhodesia ya Kusini na kupiga misitu kutoka kiwanja cha Mweiga, karibu na Nyeri. Mwishoni mwa mwaka huo zikaongezwa ndege kubwa za Lincoln, zenye injini nne, zilizokuwa zikiruka kutoka Eastleigh. Wakazi wa Nairobi waliziona zikipita juu ya mapaa kuelekea mlimani zikiwa na mabomu.

Lakini kwa watu wengi vita vile havikuwa vya mabomu. Vilikuwa vya kukamatwa. Aprili 24, 1954 maelfu ya askari waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, yaani fuawe. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini, wakapangwa mistari, na makumi ya maelfu wakapelekwa kuchunguzwa. Wengi wao waliishia vizuizini Mackinnon Road, Manyani na Lang'ata. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba. Wanawake walilazimishwa kuchimba, pamoja na mengine, handaki la kilometa zipatazo 80 kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwakatia wapiganaji chakula.

Sheria za Hali ya Hatari zilifanya mambo mengi kuwa jinai. Kula kiapo kulimpeleka mtu gerezani kwa miaka. Kukutwa na silaha au risasi kulimpeleka kwenye kitanzi. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu za mahakama katika vita hivyo.

Magereza yalifurika. Na pembeni mwa Nairobi ulikuwapo mradi uliohitaji mikono mingi.

Mfungwa si mzuiliwa

Ili kuelewa kwa nini Embakasi ulijengwa na wafungwa, ni lazima kutofautisha makundi mawili ambayo katika masimulizi ya kawaida huchanganywa.

Kundi la kwanza ni wazuiliwa, watu waliowekwa kambini kwa amri ya serikali bila kushtakiwa. Hao ndio waliopitishwa katika mlolongo wa kambi, wakipangwa kwa rangi, "weupe", "kijivu" na "weusi", kwa kadiri walivyoaminika kuwa wameacha kiapo. Kundi la pili ni wafungwa, waliopitia mahakama, hata kama kesi ilikuwa ya dakika chache, na kupewa kifungo na kazi ngumu.

Kwa serikali ya kikoloni tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1930, ambao Uingereza iliukubali, uliharamisha kazi ya kulazimishwa. Lakini uliacha mlango mmoja wazi: kazi anayopewa mtu kwa sababu amehukumiwa na mahakama haikuhesabiwa kuwa ya kulazimishwa, mradi isimamiwe na mamlaka ya umma na mtu huyo asikodishwe kwa kampuni binafsi. Mzuiliwa ambaye hakuhukumiwa hakuingia katika mlango huo. Mfungwa aliingia.

Hivyo gereza la Embakasi likawa ghala la nguvu kazi ya uwanja wa ndege. Waliohukumiwa kwa makosa ya kiapo waliamka ndani ya uzio wa senyenge, wakahesabiwa, wakapelekwa eneo la kazi chini ya bunduki, na jioni wakahesabiwa tena.

Katika kumbukumbu walizowasimulia wanahistoria miongo kadhaa baadaye, akiwemo Caroline Elkins wa Marekani ambaye kitabu chake kuhusu kambi za Kenya kilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2006, wafungwa wa zamani walieleza kazi ya kutoa jasho chini ya viboko, msongamano na maradhi. Mtu alipimiwa kazi yake, na asiyeimaliza aliadhibiwa. Kumaliza kifungo nako hakukuwa uhakika wa kurudi nyumbani. Wapo waliofika siku ya mwisho ya hukumu yao na badala ya kufunguliwa lango wakapewa amri ya kizuizini, wakaanza upya katika kundi lile jingine.

Mwaka 1957, ujenzi ukielekea mwisho, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mjini Geneva mkataba wa pili. Huo ulikataza kazi ya kulazimishwa kama adhabu ya maoni ya kisiasa, na kama njia ya kupata nguvu kazi kwa maendeleo ya uchumi. Mtu anayeusoma leo akiwa na Embakasi akilini haoni ugumu kuelewa maneno hayo yalikuwa yanazungumzia nini.

Siku ya ufunguzi

Machi 9, 1958 uwanja ulifunguliwa. Mgeni rasmi aliyepangwa alikuwa Mama Malkia, mama yake Elizabeth, aliyekuwa njiani kutoka Australia. Safari yake ilichelewa na hakuwahi. Shughuli ikaendeshwa na Gavana Baring, yule yule aliyetia saini tangazo la Hali ya Hatari.

Hali ya Hatari yenyewe ilikuwa bado haijaondolewa. Mwaka mmoja baadaye, Machi 3, 1959, wazuiliwa 11 walipigwa hadi kufa na walinzi katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, kwa sababu waligoma kufanya kazi. Kazi waliyoikataa ilikuwa ya kuchimba mfereji wa umwagiliaji. Kashfa ya Hola ilitikisa Bunge la London na kuharakisha mwisho wa kambi. Januari 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa.

Mwaka huo huo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipokea ndege zake za kwanza za jeti, Comet 4, na kuanza kuziruka kati ya Nairobi na London. Nairobi ilikuwa imeifikia Entebbe.

Kamina, ngome ya Wabelgiji

Kenya haikuwa peke yake. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji nao walikuwa wakijenga.

Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Ujerumani mwaka 1940 katika siku 18. Vita Baridi ilipoanza, viongozi wake waliogopa kwamba safari nyingine jeshi la Kisovieti lingefika Brussels, na wakataka mahali pa kurudi nyuma na kujipanga. Mahali hapo palikuwa Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walianza kujenga kambi kubwa mbili, Kitona karibu na Bahari ya Atlantiki, na Kamina katika Katanga, nchi ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya migodini. Kamina ikapata njia ndefu za ndege, na kuanzia miaka ya 1950 marubani wa Kibelgiji walikuwa wakipelekwa huko kufunzwa.

Warusi hawakuja Brussels. Matumizi ya Kamina yakawa mengine. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku kumi baadaye, baada ya askari wa Kongo kuasi maofisa wao wa Kibelgiji, askari wa Ubelgiji kutoka Kamina walipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kesho yake, Julai 11, Moise Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga.

Umoja wa Mataifa uliichukua kambi hiyo, na ndege za kivita za Sweden zilizokuwa chini ya bendera yake zikaitumia katika kuvunja utawala wa Tshombe. Novemba 1964 Kamina ilirudi tena katika vichwa vya habari: makomando wa Ubelgiji, wakiwa katika ndege za Marekani, walipitia hapo kwenda kushuka kwa miavuli Stanleyville, Kisangani ya sasa, wakati waasi wa Simba walipokuwa wakiwashikilia mateka wa Kizungu. Serikali nyingi za Afrika, pamoja na za Afrika Mashariki, ziliilaani operesheni hiyo.

Njia iliyojengwa kuilinda Ubelgiji dhidi ya Moscow ilikuwa imetumika, kila mara, katika ugomvi wa Kongo yenyewe.

Lami isiyochagua bendera

Historia ya Nairobi inafanana. Julai 1961, Iraq ilipotishia kuichukua Kuwait, brigedi ya Uingereza iliyokuwa Kenya ilirushwa kwenda Ghuba. Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi ya Zanzibar, wanajeshi wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na uasi ukasambaa Uganda na Kenya. Waingereza walioitwa kuuzima Tanganyika walitokea baharini, kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Walioitwa na Uganda walirushwa kutoka Kenya na kutua Entebbe.

Juni 1, 1964 Jeshi la Anga la Kenya lilizaliwa, na Eastleigh ikawa makao yake. Baadaye ikaitwa Moi Air Base. Upande wa zamani wa Embakasi nao ukaja kuwa chini ya jeshi hilo. Agosti 1, 1982, askari wa anga walipojaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi, Eastleigh, Embakasi na Nanyuki ndizo zilizokuwa kambi za uasi.

Na usiku wa Julai 3 kuamkia Julai 4, 1976, viwanja viwili vilivyowahi kushindania ndege za jeti viliunganishwa kwa namna ambayo hakuna mhandisi aliyeifikiria. Makomando wa Israel walivamia Entebbe kuwaokoa abiria wa ndege iliyotekwa, wakawaua wanajeshi wa Uganda, na wakiwa njiani kurudi ndege zao zilitua Nairobi kujaza mafuta. Uhusiano wa Kenya na Uganda ya Idi Amin, ambao tayari ulikuwa mbaya, uliharibika zaidi.

Mwanzoni mwa 1977 ndege za Shirika la Afrika Mashariki, lililoanzia Eastleigh na kukulia Embakasi, ziliacha kuruka. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikafa. Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa Novemba 30, 1999, lakini hadi leo nchi wanachama zina mashirika yao ya ndege, kila moja na hasara au faida yake, na ndoto ya shirika moja haijarudi.

Jina la mfungwa, kazi ya wafungwa

Machi 14, 1978 Rais Kenyatta alifungua jengo jipya la abiria, upande wa pili wa njia ile ile. Agosti mwaka huo alifariki; uwanja leo una jina lake. Kwa hiyo kiwanja kilichojengwa na watu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau kina jina la mtu aliyefungwa kwa madai ya kuiongoza Mau Mau. Yeye alitumikia kifungo chake Lokitaung, kaskazini kabisa ya Kenya, na akatoka kuwa rais. Wao walitoka na kurudi vijijini, wengi wakikuta mashamba yamegawiwa wengine.

Mashujaa hao walisubiri muda mrefu. Ilikuwa hadi Juni 6, 2013 ndipo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alipoliambia Bunge kwamba serikali yake inasikitishwa na mateso yaliyotokea, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 pamoja na gharama za kesi. Miaka miwili baadaye mnara wa kumbukumbu uliogharamiwa na Uingereza ulizinduliwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi nyingine iliyofunguliwa na watu wapatao 40,000 ilikwama mahakamani London mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa muda uliopita. Mfalme Charles alipoizuru Kenya mwaka 2023 alisema ukatili ule hauna kisingizio, lakini hakutoa radhi rasmi iliyokuwa ikidaiwa.

Katika yote hayo lipo jambo moja ambalo halikuguswa. Malipo ya 2013 yalihusu mateso ya mwili. Hayakuhusu kazi. Udongo uliochimbwa, mawe yaliyovunjwa na miaka iliyotumika Embakasi havikuwahi kuwekwa kwenye mizani ya ujira. Kwa sheria ya wakati ule walikuwa wafungwa, na mfungwa hadai mshahara. Uwanja, kwa upande wake, umekuwa ukitoza ada za kutua kwa zaidi ya miaka 60.

Wengi wa waliobeba makarai yale hawapo tena. Waliobaki ni wazee wa miaka 90 na zaidi. Watoto na wajukuu wao wapo, na baadhi huenda uwanjani kama abiria wengine wote, wakipitia ukaguzi, wakivua mikanda na viatu, wakisubiri jina la mji wao litokee kwenye ubao.

Afrika Mashariki inaendelea kujenga na kupanua viwanja, na mikutano ya mawaziri huzungumzia anga moja, nauli nafuu na safari za moja kwa moja. Katika mazungumzo hayo Embakasi hutajwa kwa idadi ya abiria na tani za maua yanayosafirishwa Ulaya. Mistari michache juu ya waliouchimba, ikiwekwa mahali ambapo msafiri anaweza kuisoma anapopanga foleni, isingechelewesha ndege yoyote.